Kabla Hujanunua Kontroli Boksi Nyingine

Lori lilipofika kwangu lilikuwa limeshabadilishwa kontroli boksi, yaani kompyuta inayoongoza injini, mara moja, na tatizo lilikuwa palepale. Likipanda mlima na mzigo, taa ya injini inawaka, nguvu zinakata, linabaki kutambaa. Dereva akisimama pembeni, akazima na kuwasha upya, linaondoka kana kwamba halijawahi kuugua. Mashine ya kupimia ilitoa misimbo mitatu ya makosa kwa mpigo, ya sensa (vipimio vya injini) tatu tofauti, yote ikilalamikia volti ndogo.

Nilianza na dereva. Sikumwuliza gari linafanya nini, kwa sababu hilo tayari nilikuwa nalisoma kwenye mashine. Nilimwuliza linafanya hivyo lini. Asubuhi likiwa la baridi, au likishachemka? Mvua ikinyesha? Kwenye makorongo? Akiwasha taa? Akajibu bila kusita: mlimani tu, gia ndogo, mguu ukiwa umekanyaga mpaka chini. Tambarare halijawahi kumsumbua.

Jibu lile lilinifaa kuliko misimbo yote mitatu. Sensa tatu hazifi dakika moja kisha zikafufuka pamoja. Ila sensa nyingi za injini hulishwa volti 5 na kontroli boksi, na mara nyingi kadhaa kati yake hunywa kwenye mstari mmoja. Mstari huo ukigusa chuma mahali popote, volti zinaanguka kwa sensa zote, na kompyuta inaandika kosa kwa kila mojawapo. Halafu kuna mlima wenyewe: injini inapovuta kwa nguvu hujipinda juu ya maunti zake, yaani vishikio vinavyoibeba, na nyaya zilizofungwa juu yake husogea nayo. Kwa hiyo nilikuwa natafuta waya unaogusa chuma pale tu injini inapojipinda.

Niliweka mita kwenye mstari wa volti 5, swichi ikiwa imewashwa, nikaanza kutikisa hanesi, yaani fungu la nyaya, kwa mkono, sehemu ndogo baada ya nyingine. Nilipofika nyuma ya kishikio cha bomba moja, mita ikashuka karibu na sifuri, kisha ikapanda tena. Waya unaopeleka volti 5 kwenye sensa ya presha ya oili ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa chuma hadi shaba ikatokeza, doa dogo kama punje ya mchele. Kama volti zingekuwa zimeanguka moja kwa moja, ningechomoa sensa moja baada ya nyingine: volti zikirudi, uliyoichomoa ndiyo yenye shoti. Zikikataa kurudi hata ukishachomoa zote, kagua waya.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu: msimbo unakuonyesha ni saketi ipi kompyuta imeona kasoro, haukuambii ununue kifaa gani. Kwenye malori mengi namba ya FMI, inayokuja na msimbo kueleza aina ya kasoro, inasaidia sana. FMI 3 ni volti kubwa kupita kawaida, 4 ni volti ndogo kupita kawaida, 5 ni mkondo mdogo au saketi iliyokatika. Ukiona 4 nyingi kwa wakati mmoja, fikiria mstari wa pamoja kwanza.

Jambo jingine ni umeme unaoingia kwenye kontroli boksi yenyewe. Hapa ndipo nimeona watu wakipoteza fedha nyingi. Wanapima ethi (waya unaorudi kwenye hasi) kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani, mita inaonyesha sifuri, wanaridhika. Lakini waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba nao utaonyesha karibu sifuri, kwa sababu mita inapitisha mkondo mdogo mno. Waya unapimwa ukiwa kazini. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye pini ya ethi ya kontroli boksi kwa upande wa nyuma wa soketi, mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, fuata ethi hadi kwenye boliti yake. Mara nyingi utakuta kutu, au rangi iliyopakwa chini ya kichwa cha waya. Waya wa chanya ujaribu kwa balbu ya volti 24, wati 21, ambayo huvuta karibu ampia 1. Ikiwaka hafifu, waya umeoza ndani.

Na tafadhali, acha kutoboa ngozi ya waya kwa ncha ya mita. Tundu lile linaingiza maji, shaba inageuka kijani, na baada ya miezi michache umejitengenezea hitilafu mpya ambayo hakuna atakayejua ilianzia wapi.

Kompyuta za lori zikiacha kuwasiliana, zima umeme, upime omu kati ya nyaya mbili za mawasiliano zilizosokotwa pamoja. Inatakiwa iwe karibu omu 60, kwa kuwa kuna rezista (vizuizi vya mkondo) mbili za omu 120, moja kila mwisho wa nyaya hizo. Ukipata 120, rezista moja haipo au waya umekatika njiani.

Sisemi kontroli boksi haifi. Inakufa ikiingiwa na maji, betri zikifungwa kinyume, au mtu akichomelea chasisi bila kuchomoa betri na soketi zake. Ukiwa na historia ya namna hiyo, ishuku.

Ule waya niliukata penye doa, nikaunga kwa risasi, nikauvisha mpira unaosinyaa kwa joto, kisha nikaufunga mbali na kile kishikio. Kontroli boksi ya kwanza dereva alikuwa ameihifadhi chini ya kitanda cha kabini. Niliirudisha mahali pake, akapanda na mzigo uleule mlima uleule. Haikuwa na kasoro yoyote.