Kadi gani ya pointi itatufikisha Moshi Desemba?

SWALI: Dada habari za kazi. Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi nyumba ya wazee na mume wangu anaendesha lori. Tuna watoto wawili, mmoja miaka 6 mwingine 3, na huyu mdogo bibi yake hajawahi kumuona zaidi ya kwenye video. Tunataka Desemba mwakani twende Moshi wote wanne ila mwaka jana nilipoulizia bei tiketi moja tu ilikuwa imevuka dola 1,800, nikaishiwa nguvu. Sasa zimekuja barua mbili, moja ni kadi ya shirika la ndege la hapahapa Marekani, nyingine ni Capital One Venture, wanasema nikitumia dola 4,000 ndani ya miezi 3 wananipa pointi 75,000. Nichukue ipi? Kuna kadi ya duka nadaiwa 1,400, huwa nalipa kile kiasi cha chini wanachotaka. Alafu nilikuwa nawaza hela ya mama ya kila mwezi niwe naituma kwa hiyo kadi mpya ili pointi zijae haraka.
Mama wa wawili, Ohio

JIBU: Mdogo wangu, pole na majukumu. Ntaanza na la mwisho maana ndo limenishtua zaidi. Usitume hela nyumbani kwa kredit kadi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo, usiku nimetoka shifti, mama anahitaji hela ya dawa, nikaingia kwenye simu nikatuma dola 300 kwa kadi nikajua na pointi zangu nimepata. Stetimenti ilipokuja nikakuta 300 pale, chini yake dola 15 za ada, chini yake tena riba imeanza kuhesabiwa siku ileile niliyotuma, na kwenye pointi sifuri. Benki ilihesabu kwamba nimechukua keshi kwa mkopo. Na keshi haina ule muda wa neema unaopata ukinunua sukari dukani, riba inaanza hapohapo. Hela ya mama endelea kuituma kwa kadi yako ya kawaida ya akaunti kama unavyofanya.

Sasa hiyo 1,400. Hata tukisema riba ni asilimia 24 kwa mwaka, na kadi za maduka nyingi ziko juu ya hapo, hiyo ni asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 28 kila mwezi zinaondoka na hujanunua kitu. Kadi ya Venture inakupa pointi 2 kwa kila dola, kwahiyo ukinunua vitu vya 1,400 unapata pointi 2,800, na pointi 1 kwao ni senti 1 ukifidia nayo tiketi, ambayo ni dola 28. Umeona? Mwezi mmoja tu wa deni umekula pointi zote. Kwahiyo maliza hiyo kwanza, na kama mume wako akipata safari ya ziada ielekezeni hukohuko, na hiyo kadi mpya ukiipata iwe ni ya kulipa bili nzima kila mwezi kabla ya tarehe. Kama unaona hapo hutaweza sema tu, usiichukue, bora tiketi mdunduliziane kidogokidogo.

Ukishamaliza deni, mi ningechukua Venture. Sababu ni hii, kadi ya shirika moja la ndege inakufunga kwenye pointi za shirika hilo, na we unaenda KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambako kutoka Columbus utafika kwa KLM kupitia Amsterdam, au Ethiopian kupitia Addis, au Qatar, au Turkish, na Desemba huwezi kujua mwenye bei ya kueleweka atakuwa nani. Pointi za Venture unanunua tiketi kwa yeyote kwa hiyo kadi alafu unafuta gharama kwa pointi, au unazihamisha kwenda Flying Blue ambayo ndo ya KLM, au kwa Turkish, 1 kwa 1. Watu wengi wanavutiwa na begi la bure la kadi za mashirika, ila ukipanda Ethiopian kutoka Marekani kuja nyumbani mabegi 2 ya kilo 23 yako ndani ya tiketi tayari, huna haja ya kulipia kadi kwa ajili hiyo.

Ada ya Venture ni dola 95 kwa mwaka. Tuseme chakula, mafuta, bima ya gari na simu vinafika 1,500 kwa mwezi, hapo unapata pointi 36,000 kwa mwaka, dola 360, toa ada unabaki na 265. Na 4,000 kwa miezi 3 utazifikisha bila kununua hata sufuria ambayo hukuihitaji, ndo maana nasema omba kadi mwezi ambao bima ya gari inakaribia kulipwa. Kodi ya nyumba usiiweke humo, wengi wanakata karibu asilimia 3 ukilipa kwa kadi. Bonasi ya zile pointi 75,000 pamoja na pointi za matumizi ya mwaka inakuja kama dola 1,100, haitoshi tiketi nne, nakwambia ukweli, ila inapunguza mzigo wa tiketi moja kwa zaidi kidogo ya nusu, na nyie mna mwaka mzima wa kuweka akiba ya zilizobaki. Wote wawili wanao watalipiwa siti zao, miaka 2 ikishapita hakuna kupakatwa.

Mashirika mengi yanafungua siti karibu miezi 11 kabla, kwahiyo anza kuchungulia Januari, na tafuta tarehe za kabla ya 15 Desemba kama shule itakuruhusu. Na pointi usizihamishe kwenda shirika lolote mpaka uone kwa macho yako siti nne ziko wazi siku moja, maana zikishahama hazirudi.