Boila Isipowaka, Anzeni Nje ya Boila

Wiki hii vijana wawili ninaowafundisha kazi hapa Uingereza wamenipigia simu kutoka nyumba mbili tofauti wakiwa na swali moja: boila (mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto) haiwaki, je, tuagize bodi (sakiti ya umeme inayoiendesha)? Katika nyumba ya kwanza mita ya gesi ya kulipia kabla ilikuwa imeishiwa salio, na katika ya pili betri za themostati, kifaa kinachoiamuru boila iwake au izime kulingana na joto la nyumba, zilikuwa zimekwisha. Nawapenda vijana hawa, na ndiyo sababu nimewakemea, kwa kuwa kila siku ya kungojea kipuri kisichohitajika ni usiku mwingine wa baridi kwa mtoto au mzee wa nyumba hiyo.

1. Kabla ya kugusa kifuniko, hakikisheni vitu vinne: umeme, gesi, maji na amri ya themostati. Tazameni fyuzi ya ampea 3, ulizeni kama jiko la gesi linawaka, kisha someni presha, ambayo mfumo ukiwa umepoa hutakiwa kuwa kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa mwenye nyumba huiongeza kila wiki, tafuteni panapovuja.

2. Fuateni mlolongo kwa masikio. Themostati inaita, pampu inazunguka, feni inaanza, cheche zinalia, valvu ya gesi inafunguka, elektrodi inauhisi mwali. Pale mlolongo unapokatika ndipo pa kuanzia. Ikiwa mwali unawaka sekunde chache kisha unazimika, achaneni na cheche na mkague elektrodi, waya wake na athi (waya wa ardhini).

3. Msikilizeni mwenye nyumba. Hili nililijua kwa gharama ya mtu mwingine, na hadi leo linaniuma.

Ilikuwa Januari, mwaka wangu wa pili tangu nisajiliwe Gas Safe, orodha ya mafundi wa gesi wanaoruhusiwa kisheria. Bibi mmoja wa Kimombasa aliyeishi peke yake alinifungulia mlango akiwa na blanketi mabegani, na kabla sijaweka begi chini akaniambia, “Mwanangu, tangu alfajiri yakoroma kama buruma, kisha yazima.” Buruma ni kiko cha maji. Nilimwitikia kwa adabu, lakini maneno yake sikuyatia akilini, kwa maana macho yangu yalikwisha kuona msimbo wa hitilafu ya uwashaji. Feni ilizunguka, cheche zikalia, mwali ukatokea na kupotea, nami nikaamua kwamba bodi imekufa. Bodi ilichukua siku mbili kufika, na siku hizo zote bibi alilala sebuleni kando ya hita moja ya umeme. Siku ya tatu nikaifunga bodi mpya, nikawasha, boila ikakoroma na kuzima. Hapo ndipo nilipousikia mkoromo wenyewe: maji yaliyokuwa yakibubujika ndani kwa kukosa pa kutokea.

Nilitoka nje. Bomba jeupe la kondenseti, yaani la kutolea nje maji yanayotokea ndani ya boila inapowaka, jembamba la milimita 21.5, lilipita kwenye ukuta usiopata jua bila kuvikwa chochote, na kwenye kiwiko cha mwisho barafu ilikuwa imeliziba kabisa. Nilimwomba bibi birika, nikachanganya maji yawe ya moto wa kuoshea vyombo, kwa sababu yanayochemka huweza kupasua plastiki, nikayamwaga taratibu kuanzia kwenye kiwiko. Birika la pili lilipokwisha, kipande cha barafu kiliteleza ndani ya bomba na maji yakatiririka. Boila iliwaka mara moja. Bibi aliweka viganja vyote viwili juu ya radieta akanyamaza. Nilimrudishia fedha zote, na baadaye nikambadilishia bomba kwa lile la milimita 32 na kulivika sponji, lakini zile siku mbili za baridi sikuwa na namna ya kuzirudisha.

4. Msibonyeze kitufe cha kuanzisha upya mara kumi mfululizo. Boila imejifunga kwa sababu.

5. Mkisikia harufu ya gesi, uchunguzi umekwisha: fungeni gesi kwenye mita, fungueni madirisha, msiguse swichi yoyote, watoeni watu, na mkiwa nje mpige 0800 111 999.

Yule kijana wa nyumba ya pili ameniuliza amweleze nini mteja kuhusu zile betri. Mweleze ukweli, mtilie betri mpya, kisha mwonyeshe zinapokaa na umwache afungue kifuniko kwa mkono wake mwenyewe kabla hujaondoka.