Fuata Mwanga kwa Kidole Kwanza

Insha yangu ya kwanza kuhusu mchoro wa kidini ilirudi ikiwa na swali moja pembeni: "Una hakika mwanga umetoka dirishani?" Nilikuwa nimejaza kurasa nne kuhusu Mwito wa Mtakatifu Mathayo wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio, picha ya Kristo akimwita mtoza ushuru Mathayo amfuate. Alama zote nilizozijua nilizitaja, na katikati nikadai kwa kujiamini kwamba dirisha lililo juu ya vichwa vya watu ndilo linaloangaza chumba. Kurudi kwenye picha, nikaona aibu. Dirisha lipo, lakini halipitishi kitu. Mwanga unaingia kutoka kulia, nje kabisa ya picha, unapita juu ya kichwa cha Kristo na kushuka mshazari ukutani hadi kwenye meza ya watoza ushuru.

Ndiyo maana nawaambia mnaoanza: kamusi ya alama iwekeni kando kidogo. Funguo ni za Petro, yungiyungi ni usafi wa Maria, fuvu ni kifo. Hayo mtayakariri kwa wiki moja. Kazi iko kwenye mwanga. Ufuate kwa kidole: umetoka wapi, umemgusa nani, umemruka nani?

Hapa umemruka Kristo mwenyewe, karibu mwili mzima. Tunabaki na uso wake na mkono ulionyooshwa. Kwa hiyo usiandike kwamba giza ni dhambi. Anayeita naye amesimama gizani. Huo mkono utazame vizuri. Kiganja kimelegea kama cha Adamu anayenyoshewa mkono na Mungu kwenye dari la kikanisa cha Sistine huko Vatikani, alilochora Michelangelo. Cha Adamu, si cha Mungu. Anayemkumbuka Paulo akimwita Kristo "Adamu wa mwisho" atajua cha kuandika.

Sasa nenda mwisho wa meza. Kijana ameinamia sarafu, na mzee mwenye miwani naye ameinama juu yake. Mwanga umewafikia wote wawili, wala hawana habari. Miwani ile naipenda kuliko alama zote za picha hii: mtu ameongezewa macho, na bado anaona fedha tu.

Mathayo ni yupi? Wengine husema ni mwenye ndevu anayejinyoshea kidole, wengine husema kidole kile kinamwonyesha kijana. Chagua upande, uutetee kwa unachokiona. Mimi niko na mwenye ndevu, kwa kuwa uso wake umeangazwa na umeinuka kumtazama anayeita, huku mkono wake mwingine ukiwa bado mezani. Biblia yetu inasema "ameketi forodhani", na mtu huyu ndiyo kwanza anaanza kuondoka. Ila usiniletee "kila mtu ana mtazamo wake". Hiyo ni kukimbia swali.

Halafu uliza picha inakaa wapi. Hii ilichorwa 1599 hadi 1600 kwa ajili ya kikanisa cha Contarelli, ndani ya kanisa la San Luigi dei Francesi huko Roma, na bado iko palepale. Iko ukuta wa kushoto. Altare iko kulia kwake, na juu ya altare kuna dirisha la kweli. Mchoraji aliufanya mwanga wa rangi utokee upande uleule wa mwanga wa jengo. Kwenye simu hilo hulioni, na mara nyingi waliochapisha wamelipunguza giza ili nguo zionekane.

Kiswahili kinatusaidia hapa, maana tuna mwanga na tuna nuru. Picha takatifu za zamani, zenye dhahabu tupu nyuma ya watakatifu, ni nuru tupu: hazina upande wa kutokea, wala hazitupi kivuli. Caravaggio amechukua mwanga wa kawaida, wenye upande na kivuli chake, akautwisha kazi ya nuru.

Nilipofika pale, taa za wageni zilikuwa zikiwashwa kwa sarafu. Nilitumbukiza yangu mbele ya picha ya mtoza ushuru, nikatazama. Zilipozimika sikuongeza nyingine. Nilibaki na mwanga hafifu wa jengo, nikangoja macho yazoee.