Trei za mayai hazitamsaidia mama kulala

Ndugu yangu, umesema unageuza chumba cha chini ya nyumba yako Lang'ata kiwe sinema, na fundi anataka kubandika trei za mayai ukutani ili mama anayelala juu asisumbuke. Tafadhali usilipie kazi hiyo. Trei hupunguza mwangwi kidogo mle ndani, hazizuii sauti kutoka.

Adui yako ni besi, yaani sauti nzito za chini. Hutikisa slabu, ile sakafu ya zege iliyo juu ya chumba, na slabu humfikishia mama kitandani. Ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili unapunguza sauti inayopenya kwa desibeli (kipimo cha sauti) 6 hivi tu, kwa hivyo unene peke yake hautoshi, unahitaji pengo. Simamisha kuta mpya za fremu ya mbao zisizogusa zile za mawe, na dari mpya ikae juu ya hizo, isining'inie kwenye slabu. Katikati jaza pamba ya mawe (nyuzi za mwamba za kufyonza sauti), kisha pigilia bodi za jipsamu tabaka mbili, viungo vyake vipishane. Ziba kila ufa kwa silikoni, hata nyuma ya soketi. Mlango uwe mzito, wenye mpira pande zote.

Lakini kwanza maji! Udongo mweusi wa upande huo hushika maji sana. Acha mvua za Machi hadi Mei zipite ukikagua kuta; zikitoa unyevu, tibu hilo kabla ya kununua hata ubao mmoja, maana jipsamu ikilowa huoza kimyakimya.

Na chumba kilichozibwa hivyo hakina hewa. Weka feni na bomba pana lenye kona kadhaa, lililotandikwa sponji ndani, ili hewa ipite lakini sauti isipenye.