Nauli ya meli ya kitalii inabeba nini? Najibu maswali yenu

Wiki hizi mbili simu yangu imejaa maswali ya meli. Nadhani ni yale matangazo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Kampala, watu wameona meli ina mabwawa saba na wameanza kupigia hesabu Desemba. Mimi nimefanya kazi melini miaka sita, mitatu jikoni na mitatu nikiwa weita kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, sasa nakata tiketi hapa mjini, kwa hiyo nyuma ya sahani napajua na risiti naijua pia. Twende.

Dada, nimetumiwa tangazo la dola 499 siku saba na wameandika kila kitu kimo ndani. Sisi ni baba, mama na watoto watatu, mdogo ana miaka miwili. Ni kweli? (Mama watatu, Bweyogerere)

Mama watatu, hiyo 499 ni ya mtu mmoja, tena imehesabiwa kwa watu wawili wanaolala chumba kimoja. Muulize aliyekutumia kama kodi na ada za bandari zimo, manake kwenye matangazo mengi huwa ziko chini kabisa kwa maandishi madogo.

Kinachoingia kwenye nauli ni chumba na usafi wake, milo kwenye ukumbi mkubwa na kwenye bafe, maji, chai, kahawa ya kawaida na juisi ya asubuhi, shoo za jioni, mabwawa, jim na klabu ya watoto. Na usafiri wenyewe, unalala bandari moja unaamka nyingine bila kupanga mizigo upya, hapo ndo meli inaishinda hoteli kabisa. Kisichoingia ni ndege ya kutoka Entebbe, viza, bima, ada ya huduma (ile bahashishi ya wafanyakazi inayokatwa kila siku), soda na pombe, intaneti, matembezi ya nchi kavu, masaji, picha wanazokupiga, na daktari. Daktari nakusisitizia kwa sababu nimeona abiria akitoka kliniki ya meli analia na sio kwa maumivu, kule unatibiwa kwanza alafu bili inaingia kwenye akaunti yako ya chumba, kama huna bima ya safari ni jasho lako.

Sasa nyinyi ni watano na vyumba vingi vinaishia watu wanne, kwa hiyo mtahitaji vyumba viwili vyenye mlango katikati au chumba cha familia, na hapo hesabu yote inabadilika. Mtu wa tatu na wa nne chumbani hulipa pungufu kuliko wawili wa kwanza. Kampuni ya meli ya MSC mara nyingi wana ofa watoto wa chini ya miaka 18 hawalipi nauli wakilala na watu wazima wawili, lakini ada za bandari bado wanalipa. Na huyo mdogo wa miaka miwili, meli nyingi klabu ya watoto inaanzia miaka 3 tena mtoto awe ameshaacha nepi, kampuni ya Carnival ndo wanapokea kuanzia miaka 2. Kama mlikuwa mnategemea klabu ili mpumzike, uliza hilo kabla hujatuma hata senti.

Jambo moja la simu: mkishapanda weka simu zote kwenye hali ya ndege, za watoto pia. Baharini simu inashika mtandao wa meli wenyewe na gharama yake inauma sana. Kama lazima uongee na nyumbani nunua intaneti ya meli kabla ya siku ya kupanda, mara nyingi inakuwa rahisi kuliko kununua ukiwa ndani.

Chakula ni cha bure kweli au kuna mahali ukikaa tu umelipa? Mimi ni mlaji, naweza kuongeza? (Kijana wa Arua)

Ongeza kijana wangu, ongeza! Hili linanigusa kwa sababu nimehudumia watu wa kwetu Afrika Mashariki ambao jioni ya kwanza wanaagiza supu peke yake wakiogopa bili, alafu usiku wanalala njaa na nauli wameshailipa miezi mitatu nyuma. Nilikuwa nainama nawaambia kwa Kiswahili, jamani hii imeshalipwa, kuleni, na unaona uso unafunguka.

Ukumbi mkubwa wa chakula unakaa mezani unaletewa menyu, unaanza na supu au saladi, kinafuata chakula chenyewe, unamaliza na kitamu. Ukitaka vianzio viwili sema, ukishindwa kuchagua kati ya samaki na nyama leta vyote viwili, hakuna atakayekushangaa. Kuna kampuni chache zimeanza kuchaji ukifika sahani ya tatu ya chakula kikuu, Carnival kwa mfano ni dola 5, lakini mbili za kwanza ni zako. Bafe ndo ya kujipakulia, inafunguliwa asubuhi na inakwenda karibu siku nzima, kando yake utakuta piza, na kwenye meli nyingi za Carnival kuna kibanda cha baga cha Guy's, nacho hakina malipo.

Unapolipa ni kwenye migahawa maalum, ile ya steki, ya sushi, ya Kiitaliano yenye mishumaa. Mingine inachaji kwa kichwa, mingine kwa sahani, na dola 40 au 50 kwa mtu ni kawaida. Njia rahisi ya kujua: menyu yenye bei pembeni ya chakula utalipa, na mgahawa maalum usio na bei kwenye menyu uliza mlangoni kama wanachaji kwa kichwa. Kuletewa chumbani pia inategemea. Royal Caribbean kifungua kinywa chepesi, yaani mikate, matunda na kahawa, hawachaji, lakini ukiagiza chakula cha moto wanachaji ada ya kukuletea. Virgin Voyages, ambao hawapokei watoto kabisa, migahawa yao yote ya kukaa imo ndani ya nauli na ndo maana nauli yao inaonekana kubwa ukiitazama haraka.

Muda nao uangalie. Meli zenye mpango wa zamani unapewa zamu, ya kwanza kama saa kumi na mbili jioni na ya pili kama saa mbili usiku, meza ileile na weita yuleyule safari nzima. Kampuni ya Norwegian wao waliachana na zamu, unaingia unapotaka. Mimi napenda zamu na sitaficha, kwa sababu kufikia siku ya tatu weita anajua hupendi pilipili na mwanao anataka chipsi kwanza. Posho na matoke usitegemee, lakini kari za Kihindi na wali ziko karibu kila meli kubwa, na ukiomba pilipili kali jikoni huwa wanayo yao wenyewe.

Asalaam aleikum. Na sisi Waislamu tunakula nini huko? (Hajjat, Bombo)

Waaleikum salaam Hajjat. Kampuni nyingi kubwa zinaweza kukuandalia nyama ya halali lakini sio jambo la kufika nalo mlangoni, linaandikwa siku unakata tiketi au wiki nyingi kabla ili meli ipakie nyama hiyo, na mimi huwa nawaomba wanijibu kwa barua pepe, maneno ya simu siyaamini. Uliza hasa kama nyama imechinjwa halali. Ukiuliza tu kama hakuna nguruwe watakwambia hakuna na swali lako bado halijajibiwa. Wasipoweza, samaki na mboga vipo kila mlo, ila sosi nyingi za pale zinapikwa na mvinyo, waambie wakuletee bila sosi. Siku ya kwanza mtafute mkuu wa maweita ukumbini, jitambulishe, na kila jioni atakuletea menyu ya kesho uchague mapema ili jikoni wakutengee. Nilivyokuwa jikoni, vyakula vya walioomba halali vilipikwa kwa sufuria zake na vilikuwa na jina la abiria. Kwenye bafe kuwa makini, watu wanahamisha vijiko vya kupakulia kutoka sinia hii kwenda ile.

Mume wangu anakunywa bia, mimi soda tu. Tununue pakeji ya vinywaji? (Nyabo wa Jinja)

Kampuni nyingi, Carnival na Royal Caribbean zikiwemo, mtu mzima mmoja akinunua pakeji ya pombe (unalipa bei moja ya siku, hulipii kila glasi) basi na mwenzake wa chumba hicho anatakiwa anunue. Wamezuia watu kunywea pakeji moja. Royal ukiwapigia simu ukawaeleza hunywi wanaweza kukuruhusu uchukue ile ya soda na juisi. Hesabu ni hii: pakeji ikiwa dola 70 kwa siku na bia moja ni dola 8 au 9, mumeo atahitaji bia nane au tisa kila siku ndo irudi, zikiwemo zile siku mnashinda nchi kavu. Na kwenye pakeji na kwenye bia ya kununua mojamoja wanaongeza asilimia 18 mpaka 20 ya huduma. Kwa nyinyi wawili mimi ningesema alipe anapokunywa.

Ajenti mmoja ameniambia ada ya huduma naweza kwenda kaunta nikaifuta. Ni kweli? (Mwalimu, Kasese)

Ni kweli mwalimu, kwenye kampuni kadhaa unaweza, na nakuomba usifanye.

Hiyo ada kwa kampuni nyingi za kawaida ni kama dola 16 mpaka 20 kwa mtu kwa siku. Chukua 18, watu wawili, siku saba, ni dola 252, tukihesabu dola kwa 3,600 ni zaidi ya laki tisa za kwetu. Najua ni pesa, najua inauma kuiona mwisho wa safari kama hukuambiwa. Lakini mimi nilikuwa upande wa pili wa hiyo laki tisa. Mkataba wangu ulikuwa miezi nane bila siku hata moja ya mapumziko, mshahara wa msingi ulikuwa mdogo, na kilicholipa ada ya shule ya wadogo zangu Masaka ni hizo dola za abiria zilizogawanywa kati yetu, weita, msaidizi wake, anayetandika kitanda chako, na watu wa jikoni ambao hutawaona kabisa. Kuna safari moja watu wengi walijipanga foleni kaunta usiku wa mwisho wakafuta, tuliona kwenye malipo yetu, na mchana uliofuata usiku ule tulipanga meza za abiria wapya.

Kwa hiyo ihesabu ndani ya nauli tangu mwanzo. Kampuni nyingi zinakuruhusu kuilipa mapema kabla ya kusafiri, inakuwa imeisha, na kama kweli huduma ilikuwa mbaya nenda kaunta ueleze tatizo siku hiyohiyo, watalirekebisha. Ajenti anayekuuzia safari kwa kukwambia utafuta hiyo ada anaifanya bei yake ionekane ndogo kwa mfuko wa mtu mwingine.

Tunaoana Januari, tunataka honimuni ya meli. Chumba cha bei ya juu kina faida gani zaidi ya ukubwa? (Wachumba, Ntinda)

Hongereni sana! Kwenye kampuni nyingi kupanda kutoka chumba cha ndani kwenda cha dirisha au cha balkoni unanunua mwanga na hewa tu, chakula ni kilekile. Faida zinaanza mkifika kwenye suti, yaani vile vyumba vikubwa vya kifahari: kupanda bila foleni, mgahawa wenu, mtu wa kuwapangia mambo. MSC wanaiita Yacht Club, Norwegian wanaiita The Haven, ni kama meli ndogo ndani ya meli kubwa, na Yacht Club vinywaji vimo na kuna mhudumu wenu binafsi. MSC hata vyumba vya kawaida wanavipanga kwa madaraja, Bella ni rahisi zaidi lakini chumba kiko wapi wanachagua wao, Fantastica mnachagua wenyewe.

Mkipewa salio la kutumia melini kama zawadi ya kukata tiketi, litumieni kabla ya usiku wa mwisho, mara nyingi likibaki halirudi. Na pointi za uanachama anzeni kukusanya safari ya kwanza, ni bure kujiunga. Royal Caribbean usiku mmoja ni pointi moja, kwenye suti mbili, na mkifika 80 mnaingia daraja la Diamond mnapata vinywaji vinne kila siku bila malipo.

Meli gani iko karibu na sisi, na viza? (Bodaboda wa Mbale)

Durban, Afrika Kusini. MSC wanaweka meli pale kuanzia karibu Novemba mpaka miezi ya Machi na Aprili, unaruka Entebbe mpaka Johannesburg alafu unaunganisha. Paspoti yetu ya Uganda inahitaji viza ya Afrika Kusini, na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikienda Msumbiji na kurudi unahesabiwa umetoka na kuingia tena. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiisahau, hapo kaunta ya ndege hawakubembelezi.

Dada hizo dola sina. Boti ya Murchison nayo inahesabika? Tiketi ina nini? (Mwanafunzi, Gulu)

Inahesabika, na mimi naipenda kuliko meli nyingi nilizofanyia kazi. Boti inatoka Paraa, ndani ya mbuga ya Murchison Falls, inapanda Nile kuelekea chini ya maporomoko, kama masaa matatu kwenda na kurudi, viboko, mamba, tembo wanakunywa maji ukingoni. Tiketi ya boti ni boti na mwongozaji, basi. Kiingilio cha mbuga unalipa kando, sisi raia tunalipa kwa shilingi tena kidogo sana ukilinganisha na wageni, kwa hiyo beba kitambulisho cha taifa. Ukitaka kushuka ukapanda kwa miguu mpaka juu, pale mto mzima unapojibana kwenye mwanya wa mita kama saba, sema mapema kwa sababu inalipiwa peke yake na lazima gari likusubiri juu. Chakula hakimo, funga rolex zako mbili, zile chapati za mayai, na maji ya kutosha.