Kufungua nati ya flaiwili ya mashine ya boti kwa impakti

Ndugu, umeuliza kama impakti ya betri, ile mashine ya kufungulia nati kwa mapigo, yafaa kwa nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la mashine ya boti, iliyogandishwa na chumvi ya Lamu. Kufungulia, naam. Kufungia, usithubutu.

Chomoa waya wa betri na plagi zote, vaa miwani. Soketi iwe ile nyeusi nene. Ya kromu hupasuka na vipande hurukia macho. Nyunyizia mafuta ya kutu, ngoja, kisha piga kwa vipindi vifupi.

Nati ikilegea usiitoe yote. Iache iwe sawa na ncha ya krenki, ule mhimili unaobeba flaiwili: italinda nyuzi na kuzuia flaiwili isiruke. Hapo funga pula ya boliti tatu, kifaa cha kuvutia flaiwili itoke, ukaze kwa mkono. Usigonge ukingo kwa nyundo, sumaku za ndani hupasuka.

Wakati wa kurudisha, koni ya krenki, ile sehemu iliyochongoka inayokaliwa na flaiwili, iwe safi na kavu, bila grisi, na kii, kile kichuma kidogo kinachoshikanisha flaiwili na krenki, isiwe na jeraha. Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha mashine hiyo. Impakti haipimi: ikizidisha hupasua kitovu cha flaiwili, ikipunguza, flaiwili huteleza, kii hukatika na moto wa plagi huja wakati usio wake, pengine boti ikiwa katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda.