Maswali ya Pesa: Mkopo wa Kila Wiki, Kiwanja cha Ufukweni na Boda ya Mkataba

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa dagaa, naanika Kayenze na kuuza Mwaloni, Kirumba. Mwezi Machi nilichukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, wa sh. 500,000. Walikata 30,000 ya fomu, na marejesho ni 150,000 kila wiki kwa wiki nne. Wiki ya kwanza nililipa vizuri, ya pili ikawa mbalamwezi, ya tatu mvua. Nikakopa kwingine ili nilipe pale. Sasa nina madeni mawili na mtaji umekwisha. Nimekosea wapi?
Mama Dagaa, Ilemela

JIBU: Pole sana mama. Tuanze na hesabu, maana hao jamaa hutaja “asilimia 20 tu” na mtu anaona ni nafuu. Mkononi ulipokea 470,000 na utarudisha 600,000. Hiyo tofauti ya 130,000 si ya mwezi mzima kwa 470,000, kwa sababu kila wiki unawarudishia sehemu ya hela yao huku riba ikiwa imeshapigwa kwenye laki tano yote. Ukikokotoa kwa deni linalobaki, unalipa zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Hakuna dagaa wa kukupa faida hiyo wiki nne mfululizo baada ya kutoa nauli, kibarua na ushuru.

Halafu kuna jambo ambalo wakopeshaji wa mjini hawalijali kabisa. Dagaa wanavuliwa kwa taa, gizani. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu taa hazivuti, mitumbwi mingi inapumzika, na wachache wanaotoka wanauza beseni kwa bei ya juu. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo marejesho manne ya kila wiki lazima yaangukie mbalamwezi angalau mara moja, utake usitake. Tena ulipolipa 150,000 ya kwanza kabla mzigo haujauzwa wote, ulilipa kwa mtaji wenyewe: 470,000 ikabaki 320,000. Ya pili ikaila tena. Mkopo wa pili ulikuwa unakungoja hapo.

Na Machi ni masika. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi ndizo zinatoa kilo moja ya wakavu, na jua kali linawamaliza ndani ya siku moja. Wakilala na unyevu wanaanza kunuka na kukatika vipande, mnunuzi wa Kongo anawapita, wanaishia chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo mvua ikitishia, usimalize hela yote usiku mmoja. Nunua nusu, uone hali ya hewa ya kesho yake. Tenga pia hela ya chanja ya kuanikia na turubai kabla ya kununua beseni la kwanza. Aliyeanika mchangani anauza na mchanga wake, na bei inasema.

Kwa sasa fanya hivi. Usichukue mkopo wa tatu, hata wa kwenye simu. Nenda kwa wote wawili kabla ya siku ya marejesho, si baada, na karatasi yenye mambo matatu: ulichopokea, ulicholipa hadi leo, na kiasi unachoweza kutoa giza lijalo likiingia. Omba wasimamishe faini. Kila ukilipa dai risiti, au lipa kwa simu ili ujumbe ubaki. Uliza leseni yao: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopesha kibiashara bila leseni ni kosa, na asiye nayo huwa mpole ghafla akiulizwa. Kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA usimwachie mtu.

Mtaji mpya utafute kwenye kicoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, ambako riba unayolipa inakurudia mkivunja mzunguko na kugawana, au kwenye mkopo wa halmashauri usio na riba. Ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani unagawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na unaombwa kwa kikundi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ndiye wa kumwona. Popote utakapokopa, chukua hela mwezi unapoanza kupungua, na omba kulipa baada ya giza.

SWALI: Shikamooni. Ni kijana wa Nyegezi. Nilinunua kiwanja Luchelele kwa sh. 4,500,000, ziwa lipo mbele kabisa. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne, muhuri ukapigwa. Fundi alipochimba msingi, watu wa serikali wakaja kuweka X nyekundu. Muhuri si ulipigwa?
Mnunuzi, Nyamagana

JIBU: Marahaba. Muhuri ulipigwa, lakini unathibitisha kwamba mliuziana mbele yake. Hauthibitishi kwamba eneo linajengeka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Hilo ungeligundua kwa kamba ya mafundi ya mita 30 ikivutwa mara mbili. Na usipimie pale maji yalipo siku ya kutembelea kiwanja wakati wa kiangazi. Mwaka 2020 na tena 2024 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu, kwa hiyo waulize wenyeji maji yalifika wapi miaka hiyo, kisha anzia hapo.

Pili, kusachi, yaani kukagua kumbukumbu za kiwanja. Ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu unakwenda ofisi ya ardhi, unalipia, unapewa jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Kama muuzaji hana namba hizo, eneo halijapimwa. Nenda na mpimaji kwa mipango miji uone ramani inasema ni makazi, barabara au hifadhi. Tatu, kama muuzaji ana mwenza, mwenza asaini. Wengi wanaona aibu kuuliza hilo, ndiyo maana kesi za mke ambaye nyumba yao iliuzwa bila yeye kujua haziishi mabarazani.

Kuhusu hela yako: simamisha ujenzi leo, usimwage hata tofali moja. Wakili amwandikie muuzaji barua ya madai akieleza kwamba ulichouziwa hakiwezi kutumika kwa makazi, na ampe muda wa kurejesha. Piga picha ile X na tarehe yake. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, ila usiisubiri. Muuzaji wa namna hiyo hakai na hela muda mrefu.

SWALI: Nimepata ujumbe kwamba nimetumiwa 85,000, kisha mtu akapiga analia nimrudishie, amekosea namba. Nikarudisha. Kumbe haikuingia.
Msomaji, Igoma

JIBU: Ujumbe wa maandishi mtu yeyote anaweza kuutunga. Angalia salio kwanza, kwa menyu ya simu, kabla ya kugusa chochote. Hata kama hela kweli imeingia, usiirudishe wewe: mwambie apigie mtandao wake uirudishe wenyewe. Kwa iliyokwenda, piga huduma kwa wateja dakika hiyohiyo; ikishatolewa kwa wakala haipatikani. Namba ya tapeli iripoti kwenda 15040.

SWALI: Mdogo wangu ana boda ya mkataba: 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 14, kisha iwe yake. Mwezi wa 11 imeibwa Buhongwa. Tajiri anadai hela zilizobaki. Alipe?
Dada mtu, Mkolani

JIBU: Inategemea karatasi inasema nini kuhusu wizi, na nyingi hazisemi kitu. Miezi 14 kwa kiwango hicho ni karibu sh. 3,640,000, na kijana ameshatoa zaidi ya milioni 2.6 kwa chombo ambacho kadi yake bado ina jina la mtu mwingine. Bima waliyokata bila shaka ni bima ndogo, na hiyo hailipi wizi. Inamlipa mtu wa tatu aliyegongwa. Bima kubwa ndiyo inayolipa.

Achukue RB, ile namba ya taarifa ya wizi, polisi leo kama hajachukua, atoe nakala kwa tajiri, wakae na mtu wa kijiwe anayeheshimika. Akisaini mkataba mwingine, aandikishe: nani anakata bima kubwa, chombo kikiibwa nani anabeba kiasi gani, siku za matengenezo na za ugonjwa zinahesabiwaje, na siku ngapi baada ya malipo ya mwisho tajiri anakwenda TRA kubadili jina la kadi. Daftari la malipo lisainiwe na wote wawili kila jioni, nakala mbili, moja ikae kwa kijana.